Kijiti cha Juu ya Paa

Kwa Kukhu wangu, bibi mrembo kuliko wote pale kwetu,

Sasa, Kukhu? Magoti yanasemaje siku hizi? Na wewe dada yangu Nafula unayemsomea, soma polepole, na ukimaliza ufunge mdomo. Haya maneno Baba asiyasikie. Ndiyo maana sikupiga simu, ile ya nyumbani hatoi mkononi.

Mimi ni mzima, na huku kutoka Thika hadi Ruiru najulikana kuliko chifu. Kiwanda niliacha. Sasa niko Murera, kwa shamba la zamani la kahawa. Kuna nyumba ya mawe iliyoachwa na mzungu, kuta nene hadi unaweza kulala dirishani. Mwenye shamba anataka wageni waone vile kila kabila Kenya lilikuwa likijenga. Nyumba ya Wakikuyu imeisha, ya Wamaasai imeisha, hata mlango wa kuchongwa umetoka Lamu. Ya kwetu ndiyo ilikosa fundi. Nikasema fundi ni mimi, nimeshajenga saba. Kukhu, usicheke. Unajua nilijenga ya kuku tu, na ikaanguka.

Lakini hii ilisimama! Jumatatu nikamaliza kuezeka, nikachomeka kile kijiti cha kileleni, nikakaa huko juu kama gavana. Mama Nekesa, mama wa kwetu Bungoma anayekandika kuta, akaniita kutoka chini, udongo hadi kwenye viwiko.

"We Wafula! Baba yako alikufa lini?"

"Hajakufa, Mama. Yuko."

"Sasa hicho kijiti umeweka kama nani?"

Nikamwambia aache ushamba, hii ni nyumba ya kuonyesha watu tu. Hakucheka. Akasema hicho ni cha mwenye boma, na kijana ambaye baba yake yuko hai akikiweka, ni kama anamwambia mzee atoke. Nikakishika nikitoe haraka.

"Toa basi," akasema. "Kwani kwetu hicho kinatolewa siku gani?"

Kukhu, nilikiachilia. Nilikumbuka siku babu alipofariki, vile walipanda juu ya nyumba yako wakakitoa na wewe ukiangalia. Nilishuka bila kukigusa tena, mimi huyu!

Jioni nikampigia Baba. Anakohoa. Anasema ni vumbi la mahindi. Tangu hapo ugali haushuki.

Halafu jana bosi, huyo mwenye shamba, akaja kupiga picha; jina langu hadi leo hawezi kulitamka. "Haiya, Wafura! Hiyo kijiti ni fupi. Toa uweke ingine, wageni wanakuja Jumamosi." Nimemdanganya tumbo linaniuma, lakini hadi Ijumaa huo uongo utakuwa umeisha. Nikikataa nitafukuzwa, na atampandisha mtu mwingine akitoe. Si itakuwa ni kilekile?

Mambo yenu ya zamani nilikuwa nayacheka, najua. Sasa naogopa, Kukhu. Nafula akuulize vizuri, kisha anitumie meseji kwa simu ya mwalimu wake, neno moja tu: kitoke au kikae. Na hata kama utasema ni upuzi, fanya Baba aende kifua kiangaliwe. Usitaje mimi.

Nisalimie Mama na shangazi wa sokoni, mwambie mdomo wake naukosa. Baba pia msalimie, lakini kama kawaida tu, asishtuke.

Mjukuu wako,
Wafula