Minara Inayokufa kwa Dakika Mbili

Jumatatu, 4 Septemba 2023

Minara tisa imekufa leo saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Saa nne na dakika kumi na tatu ikafufuka yote. Hakuna mteja aliyepiga simu – hata yule mama wa kijiji cha Gornovo ambaye hutupigia mtandao ukipiga chafya tu. Maana yake haikufa. Mlinzi kadanganya tena.

Mlinzi ndilo jina tulilolipa programu mpya ya kufuatilia mtandao. Kazi yake ni moja. Kila dakika anauliza kila mnara na kila kasha lililofungwa kwenye nguzo za milima hii: Upo? Wenyewe wanajibu: Nipo. Asiyejibu anageuka mwekundu kwenye skrini ya ukutani, na king'ora kinalia kama bata aliyekanyagwa. Julai yote bata alikaa kimya. Tangu Agosti anakanyagwa mara tatu kwa siku.

Ognyan, ninayegawana naye chumba ofisini, amechoka. “Zima hicho king'ora, dada. Mbwa anayebweka kutwa hafukuzi mwizi, anawanyima usingizi wenye nyumba tu.”

Meneja, Bi Vergilova, hajachoka. Ana hofu. Alhamisi ya wiki ijayo wanakuja watu wa uokoaji wa milimani. Wanataka redio zao zipite kwenye minara yetu. Wakikubali, ofisi inabaki hapa mjini. Wakikataa, makao makuu watatuhamishia jiji la Plovdiv, na mimi Plovdiv sitaki. Aliitazama ile skrini, kisha akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyeipaka rangi.

Jumanne, 5 Septemba

Nimewapigia waliotuuzia programu. Bwana mmoja mwenye sauti ya kusinzia. Nimejaribu kuzima na kuwasha? Nimejaribu. Basi nipakue toleo jipya. Nikapakua. Saa tano kasoro robo minara minane chini. Nikapiga tena. Akasema niongeze muda wa Mlinzi kusubiri jibu, kutoka sekunde mbili hadi kumi.

Nimeongeza. Sasa minara inakufa vilevile, ila polepole.

Jumatano, 6 Septemba

Sikukuu ya taifa, ofisi imefungwa. Kutwa nzima uani kwa mama, tunachoma pilipili hoho za akiba ya baridi. Mtaa mzima unanuka moshi mtamu. Vidole vyangu vyeusi mpaka kwenye kiwiko – sijui vidole vinafikaje kwenye kiwiko, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kila nusu saa nachungulia simu. Hakuna hitilafu. Hata moja.

“Weka hiyo simu, zinaungua,” mama akasema.

“Mama, leo hakuna kosa hata moja.”

“Si ndivyo unavyotaka?”

Ndivyo. Lakini programu haijui sikukuu. Minara haijui. Joto lilikuwa kama jana, watu mtandaoni pengine wengi kuliko jana. Anayejua sikukuu ni binadamu peke yake.

Zimeungua kweli. Kilo nzima.

Alhamisi, 7 Septemba

Nimeandika saa za hitilafu zote tangu mwanzo wa Agosti, kwa kalamu, kwenye karatasi kubwa. Kompyuta ingenichorea kwa dakika moja, ila mkono wangu hufikiri vizuri kuliko kompyuta.

Hakuna hata moja kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Hakuna Jumamosi, siku ya soko. Hakuna kati ya saa saba na saa tisa mchana.

“Kwa hiyo hitilafu yako inaamka na jua, inakwenda sokoni, na inalala baada ya chakula,” Ognyan akasema. “Dada, hiyo si hitilafu. Huyo ni mstaafu.”

Tukacheka mpaka machozi. Kisha tukabadilisha kebo ya seva, na soketi ya umeme, na feni. Saa kumi jioni minara saba chini. Bata akalia. Hatukucheka tena.

Ijumaa, 8 Septemba

Bi Vergilova kaja na kusimama nyuma ya kiti changu. Anataka skrini iwe ya kijani Alhamisi. Haulizi nitaifanyaje.

Njia ipo. Unamwambia Mlinzi asipige kelele mpaka mnara unyamaze dakika kumi. Nikafanya. Kimya kizuri, skrini kama shamba la ngano changa. Bi Vergilova akaniletea kipande cha mkate wa jibini kutoka duka la chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nikala. Hakikushuka vizuri. Dakika kumi kwangu ni kahawa moja. Kwa mtu aliyevunjika mguu kwenye ukungu kule juu, anayeita redioni na haitikiwi, dakika kumi ni nini?

Kabla ya kutoka nikarudisha kama ilivyokuwa. Sijamwambia.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimempata. Sijui kama nifurahi.

Asubuhi sikufanya kazi nyingine yoyote. Nilikaa nikilitazama kasha kuu, lile linalojua kila mashine iko kwenye tundu lipi. Mlinzi yuko tundu la pili, hajahama tangu Julai. Saa tatu na dakika arobaini anwani yake ikahamia tundu la kumi na tisa. Ikarudi la pili. Ikahama tena. Bata akalia.

Mashine mbili zenye anwani moja! Kama majirani wawili wenye jina moja na tarishi asiyejua yupi ni yupi. Mlinzi anauliza Upo, mnara unajibu Nipo, na jibu linapelekwa kwa jirani. Mlinzi anasubiri, hasikii kitu, anatangaza msiba.

Waya wa tundu la kumi na tisa unateremka hadi kabati la Mtaa wa Mirindeni. Nikaenda kwa miguu. Nikafungua kabati. Kila waya una karatasi ya jina la mteja. Huu ulikuwa na neno moja, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu: MIMI.

Mzee Stamen.

Miaka ishirini na sita mtandao huu ulikuwa wake. Ndiye aliyenifundisha kushika koleo, kupanda mnara bila kutazama chini, na kutomwamini mtu anayesema “ni kitu kidogo tu”. Julai tukamuaga kwa keki na saa ya ukutani. Nyumbani kwake alikuwa na laini ya ofisi, ili hata usiku aweze kutengeneza. Hakuna aliyekumbuka kuikata. Nami sikukumbuka.

Mkewe, Bi Rada, alikuwa uani na pilipili zake.

“Umemfuata yeye au umemfuata mke mwenzangu?” akaniuliza.

“Mke mwenzako yupi, Bi Rada?”

“Yule wa chuma. Yuko naye jikoni. Tangu Agosti akinywa chai tu, anamwasha.”

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya jikoni, kati ya chumvi na redio. Mlinzi wetu wa zamani, mashine tuliyoitoa alipokuja huyu mpya. Mzee Stamen akaniinukia, akafurahi, akavuta kiti.

“Niliikuta kwenye rundo la kutupwa,” akasema. “Bado nzima kabisa. Nikasema nitawaangalizia. Macho mawili ni bora kuliko moja.”

Nikamweleza. Kwamba Mlinzi mpya tulimpa anwani ya yule wa zamani, kwa sababu minara yote imezoea kuijibu anwani hiyo tu. Sikuhitaji kumaliza. Anaujua mtandao ule kuliko mimi. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

“Yaani mwezi mzima ninayewaharibia ni mimi.”

“Hukujua, mzee.”

“Ningejua zamani. Enzi zangu ningejua siku ya kwanza.”

Akaizima mwenyewe. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Bi Rada aliyekuwa mlangoni akageuka akarudi kwenye pilipili, na hakufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilipofika langoni mzee akanikimbilia na daftari la shule. “Chukua. Angalia Orlitsa. Usikubali wakuambie ni kitu kidogo.”

Jumanne, 12 Septemba

Kijani kutwa. Bata kimya.

Nimemwambia Bi Vergilova mashine mbili ziligongana kwa anwani moja, nimeondoa moja. Mashine ya nani? Ya zamani, nikasema, ilisahaulika. Si uongo. Si kweli pia. Kama angejua mtu wa nje alikuwa ndani ya mtandao wetu mwezi mzima, angeita polisi kwanza na kufikiri baadaye. Ognyan alinitazama kwa pembeni. Anajua nilikwenda Mtaa wa Mirindeni, na anajua nani anakaa huko.

Sasa daftari. Orlitsa ni mnara wetu wa juu kabisa, na ndiko redio za uokoaji zitakapopita. Mzee ameandika nguvu ya mawimbi yake kila asubuhi na kila alasiri tangu tarehe 20 Agosti, isipokuwa Jumamosi na sikukuu. Asubuhi nzuri. Alasiri inashuka. Kila siku inashuka zaidi kidogo ya jana. Pembeni kaandika: maji yameingia kwenye kiungo cha kebo. Jua likipiga yanapanda kama mvuke, baridi ikija yanatulia. Baridi kali ikija, yataganda na kupasua.

Nikamtazama Mlinzi. Orlitsa kijani. Nikachimba ndani zaidi, namba zikatokea, zilezile za mzee. Ila Mlinzi hajali namba hizo, kwa sababu hatukumwambia azijali. Anauliza Upo? tu. Haulizi Hujambo? Na mnara unajibu Nipo, kama mgonjwa anayeitikia salamu akiwa amelala.

Nikaenda kwa Bi Vergilova tena. Nikamwonyesha. Akakubali kuwa ni tatizo. Baada ya Alhamisi, akasema.

“Kesho tunaweza kupanda, tukabadilisha kiungo. Nusu siku.”

“Na wakituuliza kwa nini tumepanda? Baada ya Alhamisi, Iskra.”

Jumatano, 13 Septemba

Nilitaka kupanda Orlitsa bila kumwambia mtu. Gari halipo. Bi Vergilova amelipeleka kuoshwa kwa ajili ya wageni.

Alhamisi, 14 Septemba

Naandika nikiwa chumba cha kebo, nimekalia bunda la waya. Dakika tano tu.

Wamekuja saa nne. Watu wawili. Mkuu wao anaitwa Krum, mtu mfupi mwenye masikio yaliyobabuka kwa baridi za miaka mingi. Mwenzake ni mwanamke asiyesema, anaandika. Bi Vergilova kawaonyesha skrini. Kijani, kijani, kijani. Kaongea vizuri sana, nikiri. Ognyan kawamiminia kahawa bila kumwaga, muujiza.

Krum akaikaribia skrini. Akaweka kidole kwenye Orlitsa.

“Huu ndio wetu?”

“Ndio huo,” Bi Vergilova akasema. “Haujazima hata mara moja mwaka huu.”

“Na hauna shida yoyote?”

“Hauna.”

Ingekwisha hapo. Lakini yule mtu hakumtazama yeye. Alinigeukia mimi, pengine kwa sababu nilikuwa na bisibisi mfukoni. “Wewe ndiye unayepanda huko?”

“Mimi.”

“Nakuuliza wewe, basi.”

Nikafikiria Plovdiv, chumba cha kupanga ghorofa ya nane, mama peke yake na pilipili zake. Kisha nikasema mnara upo, ila kusema haujambo si kweli. Nikasema maji, kebo, alasiri, namba. Nikasema nusu siku tunatengeneza. Bi Vergilova akaweka kikombe mezani taratibu mno.

Krum hakukasirika. Akakaa. Akaniuliza programu hii ilionyesha tatizo hilo lini. Nikasema programu hii haikuonyesha. Nani basi? Mtu, nikasema. Alikuwa akiandika kwa mkono kila siku.

“Mtu wa hapa ofisini?”

“Mstaafu wetu.”

“Nataka kuzungumza naye.” Akamgeukia yule mwanamke. “Miaka kumi naonyeshwa skrini za kijani. Leo mara ya kwanza naambiwa kuna mtu aliyekaa na kutazama.”

Nikatoka kupiga simu. Bi Rada akapokea. Nikamwambia wanamtaka mzee aje, aje tu na miwani yake. Akasema subiri. Nikamsikia akiita, kabati likifunguliwa, mzee akiuliza shati liko wapi. Kisha akarudi kwenye simu na kuniambia kwa sauti ya chini: “Mwanangu, tangu Jumatatu hajala vizuri. Usimlete huko kumwaibisha.”

Sikumwambia kwamba Bi Vergilova hajui mashine ilikuwa ya nani. Wala kwamba atajua leo.

Ognyan amechungulia mlangoni sasa hivi. Anasema meneja ananitafuta, na uso wake haufai. Anasema pia yuko mzee mmoja ngazini, kavaa suti ya harusi, anapanda polepole, na ana kompyuta kwapani.

Nilimwambia aje na miwani tu.

Namsikia. Amefika ghorofa ya pili, anapumzika. Bi Vergilova naye katoka kwenye korido, viatu vyake navijua. Anauliza, Iskra, huyu anakuja na nini? Nimesimama. Ya mashine nitaeleza mimi, na mlango naufungua mimi, mzee asimkute mwingine kwanza.