Maombi Yaliyonifikisha Juu ya Longonot

Jumamosi usiku, Gilgil

Nimefika juu! Rose apende asipende.

Huyu binti yangu alikuwa ashanitayarishia chumba kwake Lanet, ati mzee wa magoti kama haya hawezi kukaa peke yake. Nikamwambia kanisa letu linapanda Longonot kuomba. Nikifika juu, nabaki kwangu. Nikishindwa, nafunga virago. Akacheka, akasema atakuja kujionea mwenyewe.

Ule mlima ni vumbi na mawe matupu. Hatujaenda mbali, nikaanza kuhema kama lori la viazi. Rose ananiangalia tu, anangoja nikae chini. Basi nikainua mkono: "Wapendwa, tuombe."

Nani atakataa? Wote wakasimama, wakainamisha vichwa. Nikaombea mvua, mahindi na serikali mpaka pumzi ikarudi. Kila ilipokata tena, nikakumbuka wagonjwa wengine wa kuombewa.

"Baba, leo umeokoka kabisa," Rose akasema.

"Roho akishuka, mama, utamzuia?"

Huko juu, lile shimo kubwa la volkeno likiwa chini yetu na msitu wake ndani, pasta akaniambia nifunge ibada kwa maombi. Nikamshukuru Mungu kwa kunifikisha, na kwa kuniacha nikae nyumbani kwangu Gilgil hadi aniite. Wote wakaitikia amina. Nikafungua jicho moja. Rose pia alisema amina, meno ameyauma.

Sasa magoti yanawaka moto, hata viatu vimenishinda kuvua. Si neno. Nitalala navyo, kwangu.