Mkono Wangu Kwenye Leva, Wewe Chini ya Gari

Mjomba wangu mpendwa,

Barua hii haipiti posta. Inakuja Kisumu kwa meli ya mabehewa ya treni kutoka Port Bell, mfukoni mwa mtu tunayemwamini, na hata hivyo sikuandika jina la mtu yeyote. Nimemaliza shule. Mama ni mzima, bado anapika chai mlangoni mwa gereji yako, na bado anawagombeza mafundi wanaochota sukari kwa kijiko kilicholowa.

Nataka kukukumbusha siku ya gari jeusi la Meja, kwa sababu tangu uondoke sijapata mtu wa kumwambia jinsi nilivyokuona siku ile.

Lilikuja likivutwa kwa kamba. Akashuka Meja, na nyuma yake dereva wake, yule Sajini mzee kutoka Arua, bila kofia wala mkanda. Mama alipoona kiuno cha Sajini hakina mkanda aliacha kumimina chai. Mtaa wetu mzima wa Kisenyi tulijua maana yake: askari aliyevuliwa mkanda hupelekwa asikorudi. Asubuhi hiyo Sajini alikuwa ameweka gari nyutro mbele ya nyumba ya Meja, nalo likarudi nyuma lenyewe na kuvunja geti, Meja akiwa ndani. Meja alisema ni njama ya kumuua. Fundi wa kwanza kuliona alishasema gia boksi imevunjika ndani, na aliyeivunja ni dereva.

"Fundi, wewe sema tu hivyo hivyo," Meja alikuambia. "Mimi napeleka huyu mtu, halafu magari yetu yote inakuja kwako."

Sajini alikuwa akiangalia viatu vyake.

Ulijipangusa mikono taratibu, kama siku zote. "Acha kwanza niulize gari, Afande."

Ulichomoa kijiti cha mafuta ya gia boksi, ukanusa, ukayasugua mafuta kati ya vidole. Yalikuwa mekundu, safi, hayanuki kuungua wala hayana unga wa chuma. Ulishanifundisha kwamba gia boksi iliyosagika hujitangaza kwenye mafuta yake. Uliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, ukaniita.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila alasiri nikitoka shule: kukaa kiti cha dereva, kusogeza leva ya gia pole pole na kutaja herufi ya kila gia, huku wewe ukiwa chini unatazama. Ulisema mafundi wako wanavuta leva kama wanang'oa muhogo, lakini wangu ni mkono unaosikia. Taabu ilikuwa sauti yangu ndogo. "Binti, hata vifaranga wa jirani nawasikia kukupita wewe," ulikuwa ukilalamika kutoka chini.

"Huyu mtoto ya kike anajua nini?" Meja aliuliza.

"Anajua alfabeti, Afande. Leo sihitaji zaidi."

Uliniambia nikanyage breki, niweke D, gia ya kwenda mbele, niwashe. Nilidhani umekosea. Gari la otomatiki haliwaki kwenye D. Huwaka likiwa paki au nyutro tu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Nikageuza ufunguo. Likawaka. Ulinitazama kupitia kioo, nikaona umeshajua.

Nikazima, ukaingia chini. Nikarudisha leva.

"N," nilisema.

"Nani anaongea?"

"N."

"Huku chini bado ni rivasi. Endelea."

"D."

"Huku ndiyo kwanza nyutro."

Meja akapiga paa la gari kwa kiganja. "Umefundisha yeye. Mnasema uwongo nyinyi wawili."

Mjomba, ulikuwa umelala chali, miguu yako nje, buti za askari zimesimama kando yake. Nilitegemea uanze kuomba msamaha. Watu wazima wote niliowajua waliomba msamaha mbele ya sare, hata kabla ya kuulizwa kitu. Wewe ulisema, kwa sauti ile ile uliyoniambia mimi niendelee, "Fimbo inayotoka kwenye leva kwenda gia boksi imelegea, Afande. Bushi yake, kile kipete cha mpira kinachoishika, imekwisha. Leva inasema nyutro, gia boksi inasikia rivasi. Dereva aliweka pale alipotakiwa kuweka."

Ndipo nikafungua mlango, nikashuka. Sijui mdomo niliupata wapi.

"Afande, kaa wewe. Vuta mwenyewe."

Akaketi kwenye kiti cha dereva. Akavuta, akataja herufi kwa hasira, na wewe ukamjibu kutoka chini, kila herufi na mahali pake pa kweli. Akarudia tena, safari hii kwa sauti ndogo kama yangu. Ukachonga bushi ya muda kwa mpira wa paipu, ukaifunga, na N ikawa N.

"Sajini," Meja alisema, "vaa mkanda. Endesha."

Sajini aliomba chai kwanza. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

Yeye ndiye aliyekuja alfajiri ile uliyotoroka, jina lako lilipotajwa kati ya watu wa kukamatwa, akamwambia Mama, "Ndugu yako asifungue gereji leo." Nilipoamka ulishaondoka kuelekea mpakani na shati moja. Huwa nafikiri juu ya hilo. Hukumwokoa ili aje kukuokoa, usingeweza kujua. Ulisema tu gari lilivyosema, na ungelisema hata kama Sajini asingerudi kamwe. Nikiwa mtu wa namna hiyo japo kidogo, nitaridhika.

Siku hizi mimi ndiye niliye chini. Mama, ambaye hakusoma, anakaa kwenye leva. Anajua herufi za gari tu, na anaziita kwa namna yake: "N ya nyanya. D ya dengu." Namjibu. Wateja wanacheka, kisha wanaacha magari.

Ile bushi iliyokwisha uliitundika kwenye msumari juu ya benchi. Nimeifunga ndani ya barua hii. Ukiishika utajua ni mimi niliyeandika, ingawa sitaweka jina.

Jana Mama aliinama kwenye dirisha la gari akaniambia nipunguze sauti, mtaa mzima unanisikia. Sikupunguza.

Uwe salama huko uliko, Mjomba.

Mpwa wako