Betri Zilizopikwa Stoo

Alhamisi, Tseikuru. Mawingu bado yamelala na mvua inanyesha kidogo kidogo. Juzi juzi tu tulikuwa tunaiombea kanisani. Leo siwezi kuifurahia.

Mutua amezikwa jana. Hakuwa amefikisha mwaka.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo huku, na umeme wetu wote ni wa sola. Betri za zamani zilipochoka tuliletewa za lithiamu, nyepesi, safi, tukaambiwa zitadumu miaka mingi. Lori lililozibeba kutoka bandarini liliharibika karibu na Kibwezi. Kontena likakaa kando ya barabara siku nyingi, likipigwa na jua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Zilipofika, fundi wa kuzifunga akawa hapatikani. Tukaziweka stoo, ile ya mabati nyuma ya zahanati. Kiangazi chote. Mchana mle ndani huwezi kugusa ukuta. Hata mishumaa ilikuwa imepinda kwenye boksi lake.

Sikuwaza kitu. Betri si maziwa, nilijiambia, haiwezi kuharibika ikiwa imekaa tu.

Zilifungwa mvua ilipokaribia. Taa ya kijani ikawaka, kioo kikaonyesha zimejaa. Siku za jua kila kitu kilienda sawa, kumbe mashine zilikuwa zinatumia umeme wa jua moja kwa moja, bila kugusa betri, na usiku tuliwasha taa moja tu.

Jumatatu hakukuwa na jua. Kavata aliingia asubuhi amelowa, mwanawe Mutua mgongoni, mtoto anahema haraka, mbavu zikiingia ndani. Nimonia. Mtungi wetu wa oksijeni ulikuwa umepelekwa Mwingi kujazwa, lakini mashine ya oksijeni ilikuwepo. Nikaiwasha, nikamwekea mrija puani. Midomo ikaanza kurudisha rangi. Kavata akanitazama akatabasamu. Nikapigia ambulensi simu.

Mto ulikuwa umefurika. Ambulensi ikakwama ng'ambo.

Halafu mashine ikazima.

Nilidhani ni waya. Nikakimbia kuangalia betri. Zile zile zilizokuwa zimejaa asubuhi, sasa hazina kitu. Nikachukua mfuko wa kupumulisha kwa mkono, nikaminya, nikaminya, vidole vikafa ganzi. Nyuma yangu Kavata alikuwa anasema jambo moja tu: "Sista, si ilikuwa imejaa? Si mlisema imejaa?"

Mutua alituacha kabla ya saa sita.

Juzi fundi kutoka Kitui mjini alifika, akafungua betri. Baadhi zilikuwa zimefura ubavuni kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Akaniuliza zilikuwa zimewekwa wapi. Nikamwonyesha stoo.

"Joto huzila ndani polepole, hata kama hazitumiki," akasema. "Na hizi zilikaa zikiwa zimechajiwa mpaka juu, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ni kama mtungi uliojaa mawe. Ukitia maji unajaa mara moja, lakini ukimimina unapata kikombe."

Zilizofura alizitoa akaziweka mbali na majengo, zisije zikashika moto. Nilimuuliza nani alipaswa kutuambia haya mapema. Akaanza kukusanya vifaa vyake.

Mkubwa mmoja wa kazini amenishauri kwa simu niseme ni nimonia, basi. Si uongo. Ilikuwa nimonia.

Lakini jana matangani nilisikia watu wakinong'ona kwamba Kavata alichelewa kumleta mtoto, eti alikaa nyumbani akifua nguo. Mama mkwe wake ndiye aliyeanzisha hayo maneno. Leo mchana nikaenda kwao. Nilimkuta Kavata jikoni peke yake, hakuna anayemsemesha. Nikaomba tukae wote uani.

"Susu," nikamwambia nyanya yake Mutua, "huyu hakuchelewa. Alimleta Mutua wakati unaofaa. Mashine yetu ndiyo ilizima. Betri ziliharibiwa na joto, zilikaa kwetu, na ufunguo wa stoo ninaushika mimi."

 Mama mkwe akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Kavata, kuja ukae hapa."

Hayo tu. Nikafikiri nimemtua Kavata mzigo. Alikaa, akakunja leso mapajani, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hivyo angepona?"

Nikachuchumaa mbele yake. 

"Nafikiri angepona, Mama Mutua."

Hakulia. Alivuta leso mpaka kichwani, akageukia ukuta, na mama mkwe wake akaanza kulia badala yake.

Nimerudi nyumbani, nguo bado zimelowa, sijapika. Naendelea kujiuliza kama leo nilienda kumsaidia Kavata, au nilienda kujisaidia mwenyewe.