Kesi Yako na Mama Akoth Haijafa

Mama,

Jumatatu korti ya Kisumu ilikubali nishike nafasi yako. Karani aliita kesi ya shamba la Asembo, akasoma jina langu pale alipozoea kusoma lako. Niligeuka kidogo, kama mjinga, nione kama umesikia.

Nimekuwa nikiifikiria ile siku uliyogundua. Miaka yote Mama Akoth alikuambia kwamba kipande mlichonunua pamoja, wakati mkiuza samaki, hakina faida. "Ni vichaka tu, hata mbuzi hawataki." Ukamwamini, na ukampa pole kwa kukitunza. Kisha tukaenda matanga huko, mimi na wewe, tukakuta malori yakitoka shambani kwenu yamejaa mchanga. Hukupiga kelele. Ulimsalimu dereva, ukamuuliza ananunua kwa nani.

"Kwa mwenyewe, Mama Akoth. Sisi ni wateja wa zamani. Kwani Mama pia unataka lori moja?"

"La kwangu lilishapita," ukamwambia, ukacheka.

Ukamshtaki. Jumapili iliyofuata, kanisani, wanawake walimwachia benchi zima peke yake. Wewe ukasogea, ukamwita mbele ya wote: "Njoo ukae, mwizi wangu. Kesi iko kortini, hapa ni kanisani." Alicheka hata yeye, akaja. Mama, nimesoma, nimekaa na watu wanaojua kubishana, na bado sijaona mtu aliyeweza kushika haki yake kwa nguvu hivyo bila kumwachilia rafiki yake.

Baada ya mazishi yako alinifuata nyumbani kwangu Migosi, amebeba omena, wale dagaa wa ziwani. "Nyathina," akaniita, mtoto wangu, "nitakupa fungu lote la mama yako. Kimya kimya tu. Ondoa kesi, tumwache apumzike."

Sitakudanganya, nilitamani. Kodi ya nyumba inanisumbua, nawe unajua kazi nimeitafuta wapi na wapi. Lakini wanawe bado wanasema ulimwonea wivu, kwamba huo mchanga uliuota. Na wewe hukuanza kwa kudai pesa. Ulichotaka ni aseme mbele ya watu kwamba aliuza na akakuficha. Nikichukua kimya kimya, wewe ndiye utakayebaki mwongo.

Nilipika zile omena, nikasonga ugali, tukaketi kula pamoja. Ndipo nikamwambia hapana.

Aliacha kutafuna. "Wewe ni yeye kabisa," akasema. Sijui kama alikuwa ananitukana. Nimelichukua neno hilo, Mama. Natembea nalo.

Mwezi ujao atatoa ushahidi. Naogopa. Usiku najizoeza kusimama bila kukunja uso, jinsi ulivyosimama wewe.

Basi lala, Mama. Sitaiondoa kesi mpaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Na akimaliza kusema, najua hataweza kushuka zile ngazi za korti peke yake. Nitamshika mkono.

Binti yako,
Adhiambo