Kikosi Kilipovunjwa

Kambini, Lincolnshire, 16 Juni 1946

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, hofu yangu ni kifua cha baba na magoti yako.

Vita vimekwisha mwaka mzima sasa, na bado tunalala kwenye vibanda vya bati. Kikosi chetu cha ndege kinaruka kwa nadra. Juma lililopita London walifanya gwaride la ushindi. Sisi Wapolandi hatukuwamo, tulilisikiliza redioni. Zenon Bielak, msoma ramani wa ndege niliyokuwa nairusha, akasema, "Angalau miguu yetu imepumzika." Watu walicheka.

Tumepewa njia mbili: kurudi nyumbani, au kubaki huku tufundishwe kazi za kiraia. Mama, unasemaje?

Mwanao, Ludek


Karibu na Sanok, 2 Septemba 1946

Mwanangu Ludek,

Milele amina. Magoti yangu yananibeba mpaka kanisani, hayo yanatosha. Baba yako bado anakohoa, na kila mlango ukigongwa huinua kichwa.

Unaniuliza nasemaje? Nasema njoo. Viazi vimekubali mwaka huu, na farasi tumepata. Wapo wanaonong'ona kwamba waliotoka Uingereza hutazamwa kwa jicho baya na wakubwa wapya, lakini maneno ya watu hayaishi. Ulipigana na Wajerumani, nani atakudai nini? Njoo nikukandie unga, niujaze kabichi, ule pierogi, useme mwenyewe kama mkono wangu umeharibika.

Mama yako


Lincolnshire, 7 Januari 1947

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na baridi. Baba ameamkaje mwaka huu mpya?

Kikosi kimevunjwa. Ndege tulizirudisha kwa Waingereza, tukasimama uwanjani kwenye matope, padri akaomba, bendera ikakunjwa. Hakuna aliyejua aweke mikono wapi. Kamanda wetu sasa anasugua vijiko vya hoteli. Anasema vijiko havibishani kama sisi.

Zenon ameondoka kwa meli ya kwanza. Wazazi wake hawapo tena, nikamwambia apitie kwenu kwanza, nyumbani kwetu ni kwake. Amekubebea kitambaa cha sufu. Mimi nimejiandikisha kwa meli ya Aprili. Mwambieni baba asiniache kabla sijafika.

Mwanao, Ludek


Sanok, 20 Februari 1947

Ludomir,

Sisi ni wazima. Kitambaa kimefika. Aliyekileta hakukaa.

Usije. Kazi huku hakuna, na chumba chako tumempa mpangaji. Mtu mzima hukaa pale alipo, akala anachochuma. Baba yako naye anasema hivyo hivyo.

Apolonia


Lincolnshire, 15 Machi 1947

Mama,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Hukunisalimu. Hukuniita mwanao, umeniandika Ludomir kama karani, ukajiita Apolonia badala ya mama. Nimewakosea nini? Kama ni miaka niliyokaa mbali, sikuichagua. Kama baba amekasirika, aniambie yeye.

Jina langu nimelifuta kwenye meli. Ulitaka hivyo.

Ludek


Bedford, 3 Novemba 1948

Mama mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua hukunijibu, na leo sikulaumu.

Nafanya kazi kiwanda cha matofali. Mkono wangu wa kuume yuko rubani mwenzangu, wa kushoto mpiga bunduki, wote mavumbi matupu. Jumapili iliyopita wana kikosi tulikutana kunywa chai. Mwenzetu mmoja alikuwa na salamu kutoka kwa dada yake Zenon: kaka yake yuko "hospitalini" tangu Februari ya mwaka jana, na wageni hawaruhusiwi. Wote mezani tulijua ni hospitali gani.

Nimehesabu miezi, Mama. Nimekuelewa. Tuandikiane habari za mvua na kuku, nami nitafurahi.

Mwanao daima, Ludek


Sanok, 28 Aprili 1957

Mwanangu Ludek, mwanangu,

Milele amina, milele amina. Karibu miaka tisa tumeandikiana habari za mvua na kuku. Hata kifo cha baba yako nilikuandikia mistari miwili. Sasa watu wanasema barua hazifunguliwi sana na serikali, na hata zikifunguliwa, mimi nimezeeka, siwezi tena kuogopa.

Zenon alikaa mezani petu, akala, akatusimulia habari zako, baba yako akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha wakaja wanaume wanne wa serikali. Aliomba amalize sahani yake, wakakataa. Akivaa koti aliniangalia, akasema, "Mama, mwandikie Ludek leo." Nikaandika siku ile ile. Baba yako alisimama nyuma yangu akisema, "Ongeza ukali, huyu ni mbishi kama wewe." Barua yako ya hasira ilipofika, alisema, "Mungu asifiwe, amekasirika." Kisha akaenda zizini, akakaa huko mpaka jioni.

Zenon walimwachia mwaka jana. Meno hana, anafuga nyuki. Anakusalimu, anasema ukimlipia meno ya bandia atakuimbia.

Nimepata pasipoti, mwanangu. Mwezi Juni napanda meli bandarini Gdynia, nakuja kwako. Binti wa ofisini aliniuliza, "Bibi, unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia, "Kwa rubani."

"Bado anarusha ndege?"

"Siku hizi anaendesha basi. Lakini wewe andika rubani."

Akaandika.

Mama yako