Mkono wa Papa Usioachia

Jumapili, 9 Machi. Beni.
Ibada ndefu, kama kawaida. Mwishoni mstari mlangoni, kila anayetoka anawapa mkono waliotangulia. Papa, baba yangu, akashika mkono wa binti wa kwaya, hakuuachia. Binti akavuta. Vidole vya Papa vikafunguka kimoja kimoja. Mama mmoja akasema kwa sauti: "Muzee anatafuta bibi ya pili?" Wakacheka. Mzee mzima wa kanisa! Nimeona haya mpaka masikioni.

Jumanne, 11 Machi.
Papa amekiri. Mikono inamkaza miaka sasa. Wakati wa Ebola hakuna aliyempa mwenzake mkono, akapata pa kujificha. Shangazi anasema ni ulozi. Nina hasira tupu. Nampeleka kwangu Butembo, kwa daktari.

Ijumaa, 14 Machi. Butembo.
Nafundisha biolojia, lakini hili alilonieleza daktari sikulijua. Jeni inapotoa nakala, kuna protini zinazosimamia vipande gani vikatwe, vipi viunganishwe. Kwa Papa, nakala moja ina kipande kilichojirudiarudia mno, kinazinasa protini hizo. Haziendi kazini. Misuli ya mzee inapewa maagizo ya mtoto mchanga, ndiyo maana ikikaza hailegei.
Ni hali ya kurithi. Daktari akatazama tumbo langu. Mama akiwa nayo, mtoto anaweza kuzaliwa nayo kali zaidi: mlegevu, pumzi haba. Nina mimba ya miezi sita.
Damu yangu inapelekwa kupimwa Kampala.

Jumatano, 26 Machi.
Nafunga ngumi, nafungua. Kitandani. Darasani, chaki mkononi. Leo kidole gumba kimechelewa. Au ni baridi ya Butembo? Muhindo, mume wangu, ananiambia: "Acha kujipima, utagonjwa kweli." Rahisi kwake. Nimemchukia mchana kutwa.
Ninaogopa. Basi.

Alhamisi, 10 Aprili.
Ninayo.
Nilimpigia Papa simu. Akasema: "Ni mimi nilikupa hii, mwana yangu. Unisamehe." Nikamwambia hapana kosa ya mutu. Sijui kama ninaamini. Ya mtoto, hakuna anayeweza kuniambia bado.

Ijumaa, 11 Aprili.
Mvua. Sikwenda shule. Nitajifungulia hospitali kubwa, penye oksijeni, si kituo cha hapa mtaani. Muhindo amekwenda kuuliza. Nimefua nguo ndogo, nimezianika ndani.
Mchana mtoto amecheza. Kidogo tu. Nimelala ubavu, nangoja acheze tena.